Hofu Aliyorudi Nayo Kutoka Gitega: Tuzungumze Juu ya Herpesi



Darasani kwangu kuna karto moja ya sabuni ambayo niliitoboa tundu juu. Kila Ijumaa wanafunzi wakubwa, na hata vijana ambao walishaacha shule, wanaweza kutia ndani karatasi yenye swali bila kuandika jina. Mara nyingi wanauliza juu ya mitihani, juu ya safari za kwenda ng'ambo, au kwa nini posho imepungua (hilo la mwisho siwezi kulijibu mimi). Lakini siku moja nilikuta karatasi imekunjwa mara nne kama dawa ya unga. Ndani iliandikwa kwa biki nyekundu: mtu akilala na mwanamke mara moja tu, zipite siku ngapi ndipo apimwe herpesi? Na kama ana bibi nyumbani, afanye nini?

Mwandiko ule niliujua, nikanyamaza. Siku tatu baadaye mwenyewe alikuja kwangu jioni, akakaa juu ya bido tupu, akatazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, karatasi ile ni yangu." Tulisoma naye sekondari benchi moja, siku zote ananiita kwa jina. Siku hiyo aliniita mwalimu, nikajua mambo ni mazito.

Ameniruhusu niandike habari yake, kwa masharti mawili: nisitaje jina, nisitaje kartie. Bibi yake pia alikubali, tena yeye ndiye aliyesema niandike yote, nisifiche.

Habari yenyewe ni hii. Aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akapanda gari Muyinga, akapita Karuzi hadi Gitega kutafuta vibarua. Wengi wetu tunaijua njia hiyo. Tangu 2019 Gitega imekuwa mji mkuu wa siasa wa Burundi, na vijana wetu wanasikia kwamba kule kuna ujenzi. Alipata kazi ya kubeba matofali na kukoroga sima. Siku ya malipo wenzake walimpeleka kabare, wakanywa, na usiku ule hakulala peke yake. Kapoti haikuwepo. Yule mwanamke hamjui hata jina la pili.

Asubuhi pombe ilipomtoka, hofu ikaingia. Mwenzake mmoja akamwambia eti mwanamke yule "ana vipele." Basi siku hiyo hiyo akakimbia kwenye duka moja la dawa akaomba apimwe magonjwa yote. Muuzaji hakumpima chochote. Alimuuzia kapsuli kumi na mbili za antibiotiki, akamwambia ameze zote atakuwa sawa. Pesa ya siku mbili za kazi ikaishia pale.

Siku ya sita alihisi kuwashwa. Siku ya saba vikatoka vipele vidogo vyenye maji, vimekaa pamoja kama mayai ya wadudu juu ya jani, vikapasuka, vikawa vidonda. Mitoki ya kinena ikavimba, homa ikapanda, kukojoa ikawa ni kulia. Akarudi kambini. Na nyumbani alikuwa anamngojea bibi yake mwenye mimba ya miezi saba.

Alichofanya wiki hiyo ndicho wengi wetu tungefanya, tusidanganyane. Alikamulia ndimu. Halafu chumvi kali. Halafu akafungua kapsuli iliyobaki, akamwaga unga wake juu ya kidonda. Kwa bibi yake alisema mgongo unamuuma kwa ajili ya matofali, akawa analala kwenye mkeka upande wa pili. Bibi mwenyewe si mtoto. Alijua kuna jambo, ila alidhani bwana ameoa mwingine Gitega.

Nilimwambia sijui dawa, mimi ni mwalimu wa hesabu na Kifaransa. Lakini sante naijua njia. Kesho yake tulienda pamoja asubuhi, mimi nikakaa nje chini ya mti nikijifanya nimeleta mtoto wa shule. Baadaye nilirudi peke yangu kumuuliza muganga maswali yangu, mara mbili, nikiwa na daftari. Mengi ninayoyaandika hapa chini ni ya daftari hilo, na mengine nimeyasoma.

Kwanza jina. Herpesi ni ugonjwa unaoletwa na virusi, na vitabu vingine vya Kiswahili vinauita tutuko. Usichanganye na ule ugonjwa wa malengelenge yanayozunguka ubavu, ambao wengine wanauita mkanda wa jeshi na wengine zona. Majina yao yanafanana kwa waganga, lakini ni virusi vingine, na mkanda wa jeshi hauletwi na kulala na mtu.

Virusi vya herpesi viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hupenda mdomo. Vile vipele vinavyotoka kando ya mdomo mtu akiugua malaria, tunavyosema homa imetokea mdomoni, mara nyingi ndiyo hiyo. Wengi waliipata utotoni kwa kubusiwa na watu wa nyumbani, bila dhambi yoyote. Aina ya pili hupenda sehemu za siri na hupita kwa kulala pamoja. Lakini mipaka hiyo si ukuta: aina ya kwanza inaweza kutoka mdomoni mwa mtu ikaingia sehemu za siri za mwenzake, kama mdomo umetumika huko. Wazazi mnisamehe, lakini nikiliruka hili nitakuwa nimedanganya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana aina ya kwanza. Hiyo ni asilimia 64, yaani karibu watu wawili katika kila watatu. Aina ya pili inakadiriwa kuwa kwa watu milioni 520 wenye miaka kati ya 15 na 49, makadirio ya mwaka 2020, na Afrika ndipo inapoonekana zaidi, hasa kwa wanawake. Rafiki yangu nilipomsomea hesabu hizo alishtuka. Alikuwa anafikiri ni yeye peke yake duniani, pamoja na mwanamke wa kabare.

Na wengi wa watu hao hawajui kama wanavyo. Wengine hawatoki kipele hata siku moja. Wengine hutoka kidogo, wakadhani ni kuumwa na mdudu au nywele zimewasha. Ndiyo sababu ugonjwa huu unapita: mtu anaweza kumpa mwenzake hata siku ambayo ngozi yake ni safi kabisa, ingawa hatari huwa kubwa zaidi vidonda vikiwepo.

Hapa kambini nimesikia sana habari ya vyoo vya pamoja. Mtu akipata kidonda anasema amekitoa chooni, au kwenye beseni la jirani. Nilimuuliza muganga hilo, akatabasamu. Virusi hivi vinataka ngozi kwa ngozi, au mate na majimaji ya mwili. Nje ya mwili vinakufa upesi. Choo chetu kinaweza kukupa kuhara na minyoo, herpesi hapana. Kwa hiyo mama ambaye amegombana na majirani zake juu ya beseni, naomba wapatane.

Sasa swali la karatasi: siku ngapi?

Tatizo ni kwamba watu wanauliza siku kana kwamba vipimo vyote vina saa moja. Kila ugonjwa una saa yake. Herpesi, kama itaonekana, kwa kawaida huonekana kati ya siku 2 na 12 baada ya kulala na mtu. Kwa hiyo kukimbilia kipimo asubuhi inayofuata, kama alivyofanya rafiki yangu, hakusaidii kujua. Mwili bado haujaandika chochote.

Kipimo kizuri kwa mwenye vidonda ni muganga kuchukua majimaji ya kidonda kibichi, yakaenda kwenye labo yenye mashine zake. Labo za namna hiyo haziko kwenye sante ndogo kama zetu. Kiko pia kipimo cha damu, kinachotafuta alama za kinga ambazo mwili hutengeneza. Alama hizo huchelewa: mpaka wiki 12 au hata 16 ndipo unaweza kuamini jibu linalosema hapana. Na hata likisema ndiyo, halikuambii uliambukizwa lini, na nani, wala kama ni mdomoni au chini. Watu wengi wazima wakipimwa aina ya kwanza watakutwa nayo, wakaenda nyumbani wakavunja ndoa bure. Ndiyo maana hata nchi tajiri zenye labo nyingi haziwapimi damu kwa ugonjwa huu watu wote ambao hawana dalili.

Basi muganga wetu anafanyaje? Anaangalia. Anauliza. Vipele vingi vidogo vya maji vilivyokaa pamoja, vinavyouma, na mitoki: hiyo inafanana na herpesi. Kidonda kimoja, kigumu pembeni, kisichouma, kilichotoka kama wiki tatu baada ya tendo: hapo anafikiria kaswende, na kaswende ina kipimo chake cha haraka cha tone la damu, na dawa yake ya sindano ya penisilini inayoiponya kabisa. Akiwa na mashaka anatibu yote mawili, mtu asiondoke akapotea. Wengine wanaona kama muganga anakisia. Hakisii. Ni utaratibu uliopangwa kwa ajili ya mahali ambapo labo ni chache, na ulipimwa jirani na sisi, Mwanza, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vituo vya afya vya vijijini vilipofundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa dalili namna hiyo, maambukizi mapya ya virusi vya SIDA vijijini humo yalipungua kwa karibu asilimia 40. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 1995 na dunia nzima ikayasoma. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kudhani kwamba dawa nzuri zote zinagunduliwa kwa wazungu, sisi tunapelekewa mabaki tu.

Kuhusu SIDA, saa yake ni nyingine, tena hii ishikeni vizuri. Mtu aliyelala na mtu asiyemjua bila kapoti, au kapoti imepasuka, au ametendewa kwa nguvu, afike kwa muganga kabla ya saa 72, yaani siku tatu. Zipo dawa za kuzuia virusi visishike mwilini, zinamezwa siku 28. Muganga ndiye anayeangalia kama zinafaa. Baada ya siku tatu mlango huo umefungwa. Kwa mwanamke kuna pia dawa ya kuzuia mimba isiyotakiwa, ambayo ni bora kuimeza mapema na mwisho wake ni siku tano. Waliotendewa kwa nguvu, wakubwa au watoto, wasiogope: Gitega kuna kituo kinachoitwa Humura, kilichofunguliwa mwaka 2012 kwa ajili ya watu waliofanyiwa ukatili kama huo, na sante yoyote inaweza kuwaanzishia huduma ya kwanza kabla ya kuwapeleka mbele.

Rafiki yangu alifika siku ya kumi na moja. Mlango wa saa 72 ulikuwa umeshafungwa. Kule Gitega, asubuhi ile aliponunua kapsuli, ulikuwa wazi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko vidonda.

Alipimwa virusi vya SIDA na kaswende siku hiyo, hakuombwa hata franka moja, majibu yote yalikuwa mazuri. Lakini aliambiwa arudi baada ya miezi mitatu, kwa sababu kipimo cha mapema kinaonyesha jinsi alivyokuwa kabla ya Gitega. Hakionyeshi bado kama alipata kitu huko.

Vidonda vyenyewe alipewa asiklovir. Dawa hii inatoka katika kazi ya watafiti ambao kati yao alikuwa mama mmoja Mmarekani, Gertrude Elion, aliyepewa zawadi ya Nobel mwaka 1988. Asiklovir haiondoi virusi mwilini. Vinabaki vimelala kwenye mishipa ya fahamu maisha yote. Inachofanya ni kufupisha siku za kuumwa, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu za kwanza za vipele. Antibiotiki haigusi virusi hata kidogo, na unga wa kapsuli juu ya kidonda unaongeza uchafu tu. Ndimu ndiyo usiseme. Muganga alimwambia aoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akaushe taratibu, avae nguo pana, ameze dawa ya maumivu. Kwa mwanamke ambaye kukojoa kunamchoma, kumwagia maji wakati wa kukojoa kunapunguza ukali.

Vidonda vinaweza kurudi. Mwaka wa kwanza vinarudi mara kadhaa, hasa vya aina ya pili, halafu kwa wengi vinapungua na kuwa vyepesi. Mtu huhisi kuwashwa au kuchomwachomwa mahali pale pale siku moja au mbili kabla. Mtu mwenye virusi vya SIDA asiyekunywa dawa zake vinaweza kumtesa zaidi, vikawa vikubwa na kukataa kupona.

Na herpesi yenyewe inafungulia SIDA mlango. Mwenye herpesi ya aina ya pili hatari yake ya kuambukizwa virusi vya SIDA huzidi karibu mara tatu. Wataalamu walifikiri, basi tuwape watu asiklovir kila siku, SIDA itapungua. Walijaribu Mwanza kwa wanawake wanaofanya kazi kwenye baa na nyumba za wageni, matokeo yakatoka 2008: haikusaidia. Walijaribu tena kwa ndoa 3,408 ambazo mmoja ana virusi vya SIDA na mwingine hana, katika miji kama Kigali, Kampala, Kisumu na Moshi. Matokeo ya 2010 yalikuwa yale yale. Kilichosaidia kidogo ni tohara: kule Rakai, Uganda, utafiti uliotangazwa 2009 ulionyesha kuwa wanaume waliotahiriwa waliambukizwa herpesi ya aina ya pili kwa robo hivi pungufu kuliko wenzao. Kapoti nayo inapunguza hatari, lakini haizuii yote, kwa sababu virusi vinaweza kukaa kwenye ngozi ambayo kapoti haifuniki. Chanjo hakuna bado.

Nimechelewa kufika kwenye mimba, na mimba ndiyo iliyofanya niandike.

Muganga alipomaliza kumtibu alimuuliza: nyumbani kuna nani? Rafiki yangu akasema kuna bibi, mimba ya miezi saba. Muganga akaweka kalamu chini. Akamwambia, "Kaka, kama mama hana ugonjwa huu, akiupata sasa hivi ndiyo hatari yenyewe."

Ni hivi. Mama ambaye alikuwa na herpesi tangu zamani mwili wake umeshatengeneza kinga, na anamgawia mtoto tumboni. Mtoto wake mara nyingi anazaliwa salama. Lakini mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu ya mwisho hana muda wa kutengeneza kinga hiyo. Mtoto anapita njiani akikutana na virusi bila ngao. Jambo hili ni la nadra, dunia nzima linakadiriwa kwa watoto 10 hivi katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa, lakini likimpata mtoto linaweza kumuua au kumwachia ulemavu wa ubongo. Ndiyo maana bwana mwenye herpesi na bibi asiye nayo wanaambiwa wasilale pamoja kabisa miezi hiyo ya mwisho, na mdomo usitumike. Ndiyo maana pia mama akiwa na vidonda au akihisi dalili zake siku ya uchungu, lazima awaambie wakunga bila aibu. Kwa hali hiyo wanaweza kuamua apasuliwe, na hiyo ni kazi ya hospitali. Asingoje kuzalia nyumbani.

Mkeka wa upande wa pili, basi, ulikuwa umemlinda mtoto. Uongo wa mgongo pia ulimlinda, kwa bahati. Lakini muganga alisema bahati haitoshi, mama lazima ajue, ili naye aangaliwe.

Rafiki yangu aliniomba nimsaidie kumwambia. Nilikataa. Nilikubali tu kukaa nje na watoto wao wawili. Sikusikia maneno, nilisikia kimya kirefu, halafu sufuria ikapigwa chini. Kisha bibi akatoka, akanitazama, akaniuliza, "Na wewe ulijua?" Nikasema nilijua tangu juzi. Akanywa maji, akarudi ndani.

Hakumfukuza. Hakumsamehe pia siku ile, asije mtu akafikiri ni rahisi hivyo. Kesho yake alienda sante mwenyewe. Muganga alimwangalia, hakuwa na kidonda. Akampima tena virusi vya SIDA na kaswende, ingawa alishapimwa mwanzo wa mimba, majibu yakawa mazuri. Akamwambia kitu ambacho mama huyo aliniomba nikiandike kwa herufi za kusomeka: kipele cha kwanza kinaweza kutokea miezi au hata miaka baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo mwanamke akitokwa na vipele siku moja, hiyo si ushahidi kwamba ametembea nje. Na mwanaume vilevile. Kwa rafiki yangu, homa kali na mitoki siku chache baada ya Gitega vilifanya ionekane ni mapya, na mwenyewe alikiri. Lakini kuna akina mama hapa kambini wamepigwa na kurudishwa kwao kwa ajili ya kipele ambacho labda bwana mwenyewe alikileta zamani, kabla ya Gasorwe, hata kabla ya kuvuka mpaka.

Hapa nakumbuka habari ya mama Jeanne Gapiya, Mrundi, ambaye mwaka 1993 alikuwa kati ya walioanzisha ANSS, chama cha kuwasaidia wenye virusi vya SIDA. Katika miaka hiyo ya 1990, watu wakiwa bado wanawasema wagonjwa kwamba wanalipa dhambi zao, alisimama kanisani mbele ya waumini akasema yeye mwenyewe ana virusi, na kwamba alikuwa mwaminifu kwa bwana wake. Herpesi si SIDA, haiui watu wazima hivyo. Lakini aibu ni ile ile, na kazi yake ni ile ile: kumfanya mtu akae na ndimu yake nyumbani mpaka siku ya kumi na moja.

Mtoto alizaliwa, msichana. Siku ya uchungu mama aliwaambia wakunga kila kitu kwa sauti, mpaka waliokuwa wanangoja nje wakasikia. Walimwangalia vizuri, hakuwa na kidonda, akajifungua kwa njia ya kawaida. Wiki za kwanza walikuwa wanamchungulia mtoto usiku kwa tochi: kama ana homa au amepoa, kama anakataa ziwa, kama amelegea, kama ana degedege au kipele cha maji. Dalili hizo kwa mtoto mchanga ni za kukimbia hospitali usiku huo huo, iwe herpesi au ugonjwa mwingine. Hakuwa nazo. Kunyonyesha hakuna shida, isipokuwa kama kipele kiko kwenye ziwa lenyewe.

Jambo moja lilituchekesha mwishoni, na linawahusu nyinyi wote mnaopenda kubeba watoto wachanga. Nilienda kumwona mtoto nikiwa nimetoka kwenye malaria, na kipele changu cha homa pembeni ya mdomo. Mama alinyoosha mkono mbele yangu kama polisi wa barabarani. "Mwalimu, wewe usimbusu." Alikuwa sahihi kabisa. Kipele cha mdomoni kinaweza kumpa mtoto mchanga ugonjwa ule ule. Nilinawa mikono, nikakaa mbali, nikamtazama mtoto kutoka mlangoni.

Miezi mitatu ilipotimia rafiki yangu alirudi kupimwa. Safari hii bibi alimsindikiza. Majibu ni mazuri. Vipele vimemrudia mara moja tangu hapo, vidogo, vikapona. Gitega hajarudi tena, anasaidia kufyatua matofali hapa Gasorwe. Nilipomuuliza bibi kama sasa wako sawa, alisema, "Tunaongea." Sikuuliza zaidi.

Karto iko bado darasani. Ijumaa iliyopita nilikuta karatasi yenye mwandiko wa kike, inauliza kama mwanamke anaweza kwenda sante kuangaliwa mambo haya bila bwana wake kujua. Anaweza. Aombe kumwona muganga peke yake ndani, si pale mlangoni mbele ya watu, na kama anapenda zaidi kuangaliwa na mwanamke aseme hivyo.